Kuchanganyiwa rangi dukani kwa mashine: inalipa, ila si kwa sababu anazokupa muuzaji

Maduka makubwa ya rangi mijini sasa yana mashine ya kuchanganyia. Unachagua kwenye kadi, muuzaji anaingiza namba kwenye kompyuta, mashine inadondosha wino kwenye ndoo, ndoo inatikiswa, unaondoka na rangi yako. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa, kwa mtu anayepaka nyumba ya kuishi na anayetaka chumba cha kumpumzisha badala ya kumchosha.

Hukumu yetu kwa kifupi: mashine ni nzuri, na kwa rangi nyepesi na za kati inastahili hela ya ziada. Kadi ya rangi ni kifaa kizuri kinachotumiwa vibaya. Na yale maelezo ya kaunta kwamba bluu inatuliza, nyekundu inachangamsha na kijani inaponya, yasikilize kwa adabu, halafu ulizia mambo matatu ambayo hayatajwi: rangi imekolea kiasi gani, ina mwanga kiasi gani, na usiku utawasha taa ya aina gani.

Tuanze na hisia, maana ndizo zinazouza. Kila rangi ina mambo matatu ndani yake. Kuna jina lake: bluu, kijani, manjano. Kuna mwanga wake, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Na kuna ukali wake: imekolea kama kitenge kilichotoka dukani leo, au imefifia kama kilekile baada ya mwaka wa kufuliwa na kuanikwa juani. Kaunta wanazungumzia jina peke yake. Patricia Valdez na Albert Mehrabian, watafiti waliochapisha kazi yao Marekani mwaka 1994, walikuta kwamba mwanga na ukali vinagusa hisia kwa uhakika kuliko jina. Rangi yenye mwanga zaidi ilipendeza zaidi, iliyokolea ilisisimua zaidi. Bluu ilipendeza, hilo ni kweli. Lakini kijani na kijani-bluu, ambazo kadi nyingi huziweka kwenye ukurasa wa utulivu, zilikuwa miongoni mwa zilizosisimua kuliko nyingine. Kwa hiyo bluu iliyokolea kuta zote nne haitakutuliza kwa sababu tu ni bluu, na pinki iliyofifia haitakukosesha usingizi eti kwa sababu imezaliwa na nyekundu.

Pinki yenyewe ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1979 gereza la jeshi la majini la Marekani mjini Seattle lilipaka chumba cha mahabusu pinki kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss, aliyeamini inapunguza ukali wa wafungwa. Rangi ikaitwa Baker-Miller kwa majina ya wakuu wawili wa gereza hilo. Mchanganyiko wake ulikuwa galoni moja ya rangi nyeupe ya maji kwa painti moja ya nyekundu, yaani sehemu 8 kwa 1. Magereza mengine yakaiga, Uswisi ikiwemo. Hukohuko Uswisi, Oliver Genschow na wenzake waliipima upya gerezani, wakachapisha matokeo mwaka 2015: wafungwa waliokaa kwenye pinki hawakuwa watulivu kuliko waliokaa kwenye nyeupe. Kadi nyingi za rangi hazijapata habari hiyo.

Manjano inatuhusu zaidi sisi. Inauzwa kama rangi ya furaha, hasa kwa jikoni na vyumba vya watoto. Utafiti wa Domicele Jonauskaite na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha nchi 55, ulionyesha kwamba watu huihusisha manjano na furaha kadiri wanavyoishi mbali na ikweta na kwenye mvua nyingi. Aliye Ulaya ya kaskazini analikosa jua miezi mingi, hivyo ukuta wa manjano unamletea kitu asichokuwa nacho. Dodoma au Garissa jua halina upungufu. Chumba cha manjano iliyokolea kinachopigwa na jua la saa tisa mchana hakiongezi furaha, kinaongeza hisia ya joto. Ukiitaka manjano, chukua ile inayokaribia maziwa au siagi, na uipeleke chumba chenye giza.

Sasa mashine. Kinachouzwa hapo ni vitu viwili: besi, ambayo ni rangi ya maji isiyotiwa wino, na wino wenyewe. Besi huwa za aina tatu hivi: nyeupe kwa rangi nyepesi, ya kati, na ya kukolea ambayo wauzaji wengi huiita dipu. Kinachozitofautisha ni wingi wa titani daioksaidi, ule unga mweupe unaofanya rangi ifunike ukuta. Besi nyeupe imeshiba unga huo. Ya kukolea ina kidogo sana, na ukiipaka bila wino inakauka karibu kama gundi, ukuta unaonekana nyuma yake. Ndoo za besi huwa hazijazwa hadi juu, ni kwa ajili ya kuachia wino nafasi. Mnunuzi asiyejua hudhani ameibiwa.

Kompyuta inashika fomula ya kila namba: wino gani, kiasi gani, kwa ujazo gani. Faida yake kubwa ni kwamba ukirudi miezi sita baadaye kuongeza galoni moja, unapata rangi ileile kwa tofauti ndogo. Fundi anayekamulia stena, yaani wino wa kuchanganya kwa mkono, kwenye ndoo ya nyeupe na kukoroga kwa fimbo hawezi kukupa hilo, hata awe hodari vipi. Kwa krimu nyepesi ya nyumba nzima anayoichanganya mara moja kwenye pipa moja, stena inatosha na ni nafuu. Kwa kijivu, kijani cha majani makavu, au rangi yoyote yenye wino zaidi ya mmoja ndani yake, lipia mashine.

Inapoharibika, huharibika kwa njia zinazojulikana. Pua za mashine hukauka, hasa ikikaa usiku bila kufunikwa, na ndoo ya kwanza ya asubuhi inapata wino pungufu. Duka zuri husafisha pua kila siku kabla ya kazi, na unaweza kuomba uone. Kosa la pili ni besi kutofautiana na fomula: besi nyeupe imeisha, muuzaji anatia wino wa rangi nyepesi kwenye besi ya kati, anakuambia ni ileile. Siyo. Itatoka imekolea zaidi na haitafunika vizuri. La tatu, ambalo ni la makusudi mara nyingi, ni kuchukua namba ya kadi ya kampuni moja na kuitia kwenye besi ya bei nafuu ya kampuni nyingine. Fomula imetengenezwa kwa besi yake, kwingine inabahatisha. La nne ni kutikisa kwa haraka. Ndoo ya lita 20 inataka dakika kadhaa kwenye mashine ya kutikisa. Ikitolewa mapema, wino unabaki umelala chini na kwenye ukingo wa ndani, kisha unakuja kuchora mistari ukutani katikati ya kazi.

Kinga ya yote hayo ni ndogo. Kabla ya kulipa, mwambie afungue kifuniko. Soma stika: jina la besi, namba ya rangi, ujazo, tarehe. Chovya kijiti, paka tone juu ya kipande chenyewe cha kadi, likaushe kwa feni au draya ya nywele, ulitazame mlangoni penye mwanga wa nje. Rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo usiihukumu ikiwa imelowa. Tone likipotea ndani ya kadi, ndoo ni salama. Likionekana, rangi irudi kwenye mashine ukiwa bado dukani, kwa sababu rangi iliyochanganywa hairudishwi, na maduka mengi yameandika hivyo ukutani.

Kiasi cha kununua kipige hesabu mwenyewe. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.8: mzunguko ni mita 14, mara 2.8 unapata mita za mraba 39.2. Toa mlango, kama 1.9, na dirisha, kama 1.8, zinabaki 35.5. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 71. Kwenye ukuta uliopigwa skimu (lipu laini ya mwisho) na kulainishwa kwa msasa, lita moja hufunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo unahitaji lita 7 na kidogo: galoni mbili za lita 4, na inayobaki unaiweka kwa marekebisho. Ukuta wa plasta tupu wenye mchanga hunywa zaidi, ongeza robo. Galoni zote za chumba kimoja zimwagwe kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja kabla ya fundi kuanza. Asipofanya hivyo, galoni ya pili itaanzia katikati ya ukuta, na tofauti ndogo ya wino ambayo usingeiona kwenye makopo utaiona kila ukikaa kwenye kochi.

Na maji. Lebo nyingi za rangi ya maji huruhusu kuongeza kiasi kidogo, takriban nusu lita kwa galoni ya lita 4. Fundi aliyepewa kazi kwa jumla, rangi na ufundi, ana kila sababu ya kuongeza lita nzima. Rangi iliyoloweshwa kupita kiasi inakuwa na mabaka, na mabaka ndiyo yanayofanya chumba kionekane kichafu hata kikiwa kipya.

Turudi kwenye kadi, maana hapo ndipo rangi nyingi hupotelea. Kipande cha kadi ni kidogo kuliko kiberiti, kimezungukwa na karatasi nyeupe, na unakitazama chini ya taa za duka. Nyumbani hakuna karatasi nyeupe pembeni. Kuna kuta nne zinazomulikana, kila mmoja ukimtupia mwenzake rangi yake, na matokeo yake ni kwamba rangi inakolea kuliko ilivyokuwa kwenye kadi. Krimu ya kadi inakuwa manjano ya chumba. Pinki ya kadi inakuwa duka la peremende. Ukishapenda kipande, teremka ngazi moja au mbili kwenye mstari huohuo kuelekea nyeupe. Kadi za kampuni nyingi zina pia namba iliyoandikwa LRV, kutoka 0 hadi 100: ndiyo kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha chumbani. Kwa chumba chenye dirisha moja, au kile ambacho paa la baraza limekula mwanga wake, usishuke chini ya 60. Namba hiyo itakusaidia kuliko ukurasa mzima wa maelezo kuhusu utulivu.

Halafu nunua kopo la lita moja kwanza. Paka mikono miwili kwenye kipande cha jipsamu au kadibodi ya sentimita 60 kwa 60 badala ya ukutani, ili uweze kukihamisha. Kiweke ukuta wa dirisha, kisha ukuta unaotazamana na dirisha, kisha kona. Kitazame saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa. Chumba cha magharibi hupata mwanga wa machungwa jioni, na rangi ya kahawia nyepesi humo hugeuka kama ngozi iliyoungua. Tazama pia kilichoko nje. Ua wa udongo mwekundu hurusha wekundu hadi dari ya chumba cha chini, na mwembe mkubwa dirishani utaipa nyeupe yako ukijani ambao hukuulipia. Duka halina namna ya kujua hayo, wala halikuulizi.

Kasoro kubwa kuliko zote za huduma hii, hata hivyo, ni kwamba rangi na taa vinauzwa kaunta tofauti. Balbu za LED zilizojaa madukani kwetu ni zile nyeupe za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), zinazoandikwa mwanga wa mchana kwenye boksi. Zipo pia za 2700K hadi 3000K, ambazo watu huziita taa za njano au womu, na za 4000K katikati. Chini ya 6500K, kijivu cha kisasa ambacho kila mtu anakitaka sasa hugeuka kuwa rangi ya saruji mbichi, na nyuso za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Chini ya 3000K, kijivu hichohicho kinapata uvuguvugu na krimu inazidi kuwa njano. Balbu za bei ya chini kabisa zina kasoro ya ziada: huonyesha nyekundu vibaya, hivyo mbao, ngozi na nyama sahanini vyote vinafifia. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ya 80 au zaidi, na 90 kwa sebule kama mfuko unaruhusu.

Kuhusu usingizi, hapa ushahidi ni imara kuliko wa kuta. Ndani ya jicho kuna chembe zinazopokea zaidi mwanga wa bluu, karibu na nanomita 480, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba bado ni mchana. Ubongo ukipokea taarifa hiyo saa tatu usiku huchelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi. Mtu anayepaka chumba cha kulala samawati ili atulie, kisha anafunga balbu ya 6500K juu ya kitanda, amelipia vitu viwili vinavyovutana, na taa ndiyo itakayoshinda. Badilisha balbu kwanza, ukae nayo wiki. Huenda hutaihitaji rangi mpya.

Chumba kwa chumba, haya ndiyo tungeagiza. Chumba cha kulala: rangi iliyofifia, jina lolote unalolipenda, LRV kati ya 55 na 70 (60 kwenda juu kama dirisha ni moja), ya mati isiyong'aa, taa ya 2700K. Silki inayong'aa chumbani hurudisha mwanga wa taa machoni na kuonyesha kila kosa la skimu. Kama unataka ukuta mmoja wa damu ya mzee au bluu ya usiku, uweke nyuma ya kichwa cha kitanda: mgeni atauona akiingia, wewe ukilala utatazama ule mwepesi. Rangi hizo hutoka kwenye besi ya kukolea, kwa hiyo paka kwanza andakoti, yaani rangi ya chini, iliyotiwa kijivu, na hata hapo tegemea mikono mitatu. Ukipaka juu ya nyeupe tupu, utafika mkono wa tano bado unaona alama za rola. Rangi ya kukolea usiichague kwa bafu: wino mwingi hufanya rangi ichelewe kukomaa, na mvuke huishusha kwa michirizi inayonata.

Sebule inavumilia ukali zaidi, kwa kuwa watu huingia na kutoka. Jikoni na korido, silki, kwa sababu ya kufutwa, na nyepesi. Meza ya watoto ya kusomea iwe mbele ya ukuta mtulivu wenye taa ya 4000K, na michoro na rangi kali vikae nyuma yao. Dari nyeupe ya kawaida ya ndoo, usipoteze hela ya mashine.

Ukuta wenyewe uwe tayari, la sivyo yote haya ni bure. Plasta mpya iachwe wiki nne ikauke. Saruji mbichi ina magadi yanayokula baadhi ya wino, hasa wa zambarau na manjano fulani, na rangi hupauka kwa mabaka. Pwani, penye mchanga wenye chumvi, unyevu huisukuma chumvi hadi juu ya rangi kama unga mweupe. Praima, yaani rangi ya msingi, inayozuia magadi ndiyo dawa, siyo mkono wa tatu wa rangi ghali.

Kwa alama: mashine tunaipa nne kati ya tano. Uaminifu wa kaunta kuhusu besi, tatu, na hilo linategemea duka. Ushauri wa rangi na hisia, moja na nusu, nusu hiyo ikiwa ya wale wauzaji wachache wanaouliza dirisha lako linatazama wapi. Mwenye nyumba za kupangisha hahitaji huduma hii kabisa. Krimu iliyotengenezwa tayari kiwandani ni rahisi zaidi na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi.

Ukimaliza kazi, piga picha ya stika kabla kifuniko hakijachafuka. Rangi iliyobaki imwage kwenye chupa ya plastiki inayojaa hadi shingoni, kwa kuwa hewa ndiyo inayoigandisha, uandike chumba na tarehe, na uiweke pasipo jua. Kwa kurekebisha doa tumia rola ndogo kama ukuta ulipakwa kwa rola. Brashi huacha ngozi tofauti, na doa litaonekana kuliko lilivyokuwa.